Shokapu za pikapu ya mtumba: anza na springi, afu mzigo, jina la kampuni liwe la mwisho

Ukinunua pikapu iliyotumika we chukulia tu kwamba shokapu zimeshachoka, hata kama muuzaji kazipiga rangi nyeusi zikang'aa na kukwambia zimebadilishwa juzi. Pikapu ni gari ya kazi, imebeba, imezidishiwa, imeingia mashimo na mzigo mgongoni, na shokapu inachoka polepole bila kelele, yani dereva anazoea kidogo kidogo mpaka anadhani gari ndivyo ilivyo. Yangu ni Hilux dabokabini ya 2009, niliichukua ikiwa imeshatembea kilomita nyingi, na tangu mwanzo nyuma ilikuwa inarukaruka ikiwa tupu na mbele inainama kila nikikanyaga breki. Nikaanza kuulizia shokapu, na kila ninayemuuliza ananitajia jina la kampuni. Huyu anasema chukua za Australia, huyu chukua za Mjerumani, huyu za Mjapani ndo baba lao. Hakuna aliyeniuliza gari inabeba nini wala springi zikoje, na hayo ndo maswali yenyewe.

Tuanze hapa maana hapa ndo watu wanapoliwa hela. Shokapu haibebi gari. Kinachobeba gari ni springi, iwe koili, iwe majani (vibapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine), iwe toshoni baa (fimbo ndefu ya chuma inayojinyonga). Shokapu kazi yake ni kuituliza springi: springi ikishabonyea inataka kurudi kwa nguvu na kuendelea kucheza juu chini, shokapu inaikamata, inalazimisha oili ipite kwenye vitundu na valvu ndogo ndani ya silinda, ile nguvu ya kucheza inageuka joto na joto linapotelea hewani. Basi, hiyo ndo kazi yake. Kwahiyo kama pikapu yako imekalia makalio hata ikiwa tupu, au upande mmoja uko chini kuliko mwingine, shokapu mpya hazitainyanyua, utakuwa na gari iliyokaa chini yenye shokapu nzuri, na hizo shokapu zenyewe hazitadumu kwasababu zinafanya kazi karibu na mwisho wa nafasi zao za kucheza. Kuna shokapu za upepo ambazo unajaza hewa zikanyanyua nyuma kidogo, zipo kweli, ila mimi sizipendi kwa gari ya mzigo, maana unapeleka uzito kwenye vishikizo vya shokapu ambavyo kwenye chesisi havikutengenezwa kubeba.

Kupima ni rahisi na huhitaji gereji. Weka gari pahali tambarare, tupu, upepo wa tairi uko sawa pande zote, afu chukua futi ya kupimia, anzia katikati ya ringi panda moja kwa moja mpaka kwenye ukingo wa matao ya bodi juu ya tairi. Fanya hivyo tairi zote nne uandike. Tofauti ya sentimita moja kati ya kushoto na kulia sio ya kukunyima usingizi. Ikizidi sana hapo, ingia chini uangalie springi kabla hujaenda dukani.

Kwenye yangu tatizo lilikuwa kinyume, nyuma ilikuwa juu. Mwanzoni nikaona kama ni urembo tu, fundi akalala chini na tochi akaniita. "Kaka njoo uone, hii iliongezewa jani." Nikamuuliza kajuaje. Akanionyesha majani yote yana unene mmoja na kutu ya aina moja isipokuwa lile la pili kutoka juu, nene kuliko wenzake, ncha zake zimekatwa mraba wakati mengine yamechongwa mviringo. Aliyekuwa na gari kabla yangu inaonekana alikuwa anabeba mizigo mizito kila siku akaongeza jani, ni sawa kabisa kwa kazi yake. Ila shokapu aliziacha zilezile fupi za kiwandani. Sasa gari imepanda juu, shokapu kwenye hali ya kusimama tu ilishanyooka karibu yote, imebakiwa na nafasi ndogo mno ya kwenda chini, kwahiyo kila tairi likiingia shimo shokapu inafika mwisho na kuvuta kishikizo, tak! Bushi (raba) za macho ya juu, yale matundu ya kufungia shokapu, zilikuwa zimeshachanika pande zote mbili, raba imehama upande mmoja na chuma cha katikati kinagusa ukuta wa jicho. Ule mlio niliokuwa nausikia nyuma ulikuwa huo.

Hapo unaona kwanini kununua kwa kutaja tu "Hilux 2009 nyuma" haitoshi kwenye gari ya mtumba. Katalogi inazungumzia gari ilivyotoka kiwandani, wakati ya kwako imepitia mikono ya watu. Kuna walioongeza majani, kuna waliotoa, kuna waliopandisha gari kwa vibloku, kuna waliofunga springi za gari nyingine kabisa. Pima wewe.

Mimi nikaamua kutoa lile jani. Sababu ni mzigo: siku nyingi gari yangu inatembea na mtu mmoja au wawili na sanduku la vifaa, mara mojamoja ndo nabeba saruji au mbao. Springi ngumu kiasi kile kwenye gari tupu ni mateso, tairi la nyuma halikai chini, na hakuna shokapu ya bei yoyote inayoweza kulainisha springi ngumu. Tulipolitoa na kufunga yu-bolti mpya, zile za umbo la U zinazoshika majani kwenye ekseli (za zamani usizirudishe, zikishavutwa mara moja hazikamati vizuri tena) gari ikashuka ikakaa sawa, na kurukaruka kukapungua sana hata na zile shokapu mbovu. Kama ungekuwa unabeba mzigo kila siku ningekwambia liache jani, tafuta shokapu ndefu kidogo zenye nguvu zaidi ya kushika wakati wa kurudi. Uamuzi tofauti, gari ileile.

Nimetaja kurudi, ngoja nieleze maana hii ndo roho ya kuchagua shokapu. Shokapu inafanya kazi njia mbili. Ikibanwa inazuia kidogo, hiyo ni kompresheni. Ikinyooka inazuia zaidi, hiyo ni ribaundi. Kwa kawaida shokapu za gari za barabarani zinawekewa nguvu kubwa zaidi upande wa ribaundi, kwasababu springi iliyobonyezwa ina nguvu nyingi ya kurudisha na lazima mtu aishike. Springi ikiwa ngumu zaidi au ikibeba zaidi inahitaji ribaundi kubwa zaidi. Ukifunga shokapu nzito kwenye springi laini, gari ikipita mashimo mfululizo shokapu inachelewa kunyooka, tairi halijarudi chini vizuri shimo lingine limeshafika, gari inazidi kujibana chini chini na kuwa kavu utadhani haina springi kabisa. Ukifunga nyepesi kwenye springi ngumu, gari inadunda. Kwahiyo mtu akikwambia "hizi ni heavy duty, ngumu, zinadumu", muulize ngumu kwa springi gani. Kampuni zinazojua kazi, kwa mfano Old Man Emu ya ARB kule Australia, zinauza springi na shokapu kama familia moja, springi ya mzigo mdogo ina shokapu yake na ya mzigo mkubwa ina yake, na nadhani hiyo ndo njia ya heshima ya kuuza hivi vitu.

Sasa utajuaje kama shokapu zimekufa kweli? Kile kipimo cha kubonyeza bodi kwa mikono ukahesabu inacheza mara ngapi ni cha kusaidia kidogo tu. Kwenye pikapu yenye majani magumu nyuma hata ukikalia bampa haibonyei vya kutosha kukwambia chochote, na msuguano wa majani yenyewe unaizuia gari isicheze, utasema shokapu nzima kumbe haina kitu. Mi naangalia vitu vingine. Tairi: pitisha kiganja juu ya kashata, ukikuta sehemu zimelika na sehemu zimebaki, mabonde na vilima kuzunguka tairi, hilo tairi limekuwa likiruka badala ya kuzunguka (inaweza kuwa balansi au bushi pia, lakini shokapu ni mtuhumiwa wa kwanza). Breki: pua ikiinama sana na ikachelewa kurudi. Kona yenye mashimo: makalio yakihama pembeni, hiyo ni hatari kabisa sio raha tu, maana tairi lililo hewani halishiki njia wala halisimamishi gari. Ndo maana mi shokapu siziweki kwenye fungu la starehe, naziweka fungu moja na breki.

Halafu oili. Shokapu yenye utandoutando wa oili na vumbi karibu na sili ya juu (raba inayozuia oili isitoke) sio lazima iwe imekufa, ile fimbo ya chuma inayoingia na kutoka inatoka na filamu nyembamba ya oili na hiyo ni kawaida. Ila ukikuta imelowa, inatiririka mpaka jicho la chini, matone yananing'inia, hiyo imekwisha hakuna mjadala. Na kuna ambayo ni kavu kabisa na imekufa pia kwasababu valvu za ndani zimechoka. Hapo kuna kipimo nakipenda: endesha kwenye njia mbaya kwa muda, simama, afu sogeza mkono kwa tahadhari karibu na mwili wa kila shokapu, gusa haraka maana inaweza kuunguza. Inayofanya kazi itakuwa na joto. Ukikuta tatu zina joto na moja imepoa, hiyo moja haifanyi kazi yoyote. Kwenye yangu nyuma kulia ilikuwa baridi kabisa.

Kuhusu lini za kubadilisha, watengenezaji wa shokapu Monroe wanashauri maili 50,000, ambayo ni kama kilomita 80,000. Chukua kama alama ya kuanza kukagua kwa makini. Njia ya lami na mzigo mdogo zinaweza kwenda mbali zaidi, njia ya vumbi yenye mawimbimawimbi inaweza kuzimaliza mapema sana.

Hayo mawimbi ndo yanatuleta kwenye aina. Dukani utakutana na mbili kubwa. Twintyubu ina bomba ndani ya bomba, pistoni inacheza kwenye bomba la ndani na oili ya akiba inakaa kwenye bomba la nje. Monotyubu ni bomba moja nene, oili juu, chini yake pistoni nyingine inayoelea bila kushikwa na fimbo, na nyuma ya hiyo kuna naitrojeni yenye presha kubwa, kama bar 20 hadi 30. Twintyubu ya gesi nayo ina naitrojeni ila ya bar chache tu, na gesi na oili vinakaa chumba kimoja. Tofauti yake inaonekana kwenye joto. Ukikimbia kwenye mawimbi kwa muda mrefu oili inachemka na kutikiswa, kwenye twintyubu gesi inaweza kuchanganyika na oili ikawa povu kama soda iliyotikiswa, na povu likipita kwenye valvu halizuii chochote, unashangaa gari iliyokuwa imetulia asubuhi sasa inaogelea. Ukisimama ikapoa inarudi. Monotyubu haina shida hiyo kwasababu ile pistoni inayoelea imetenganisha gesi na oili, na bomba lake moja linapigwa na upepo moja kwa moja kwahiyo linapoa haraka.

Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndo aliyeleta wazo hilo miaka ya 1950, Wajerumani wa Bilstein wakalichukua na mwaka 1957 zikaanza kufungwa kwenye Mercedes-Benz kutoka kiwandani. Sio teknolojia mpya, na bado watu wanauziwa kama uchawi wa jana.

Ila monotyubu ina udhaifu wake na kwenye pikapu ni udhaifu wa maana. Pistoni inasugua moja kwa moja ukuta wa lile bomba lake moja, ambalo ndo liko nje. Jiwe likiruka likabonyeza huo ukuta hata kidogo, pistoni inakwama au inajikwaruza, shokapu imekwisha. Twintyubu ukibonyeza bomba la nje mara nyingi bomba la ndani linaendelea na kazi yake kama kawaida. Kwahiyo mtu anayepita juu ya mawe kwa mwendo wa polepole siku nzima, akiniuliza, namshauri twintyubu nene, na anayekimbia mwendo mrefu kwenye vumbi namshauri monotyubu. Kuna pia zile twintyubu ambazo badala ya gesi zimewekewa sponji yenye vitundu vidogo vilivyofungwa, wanaziita foam cell, Waaustralia kama Tough Dog na Ironman wanazipenda sana. Sponji inachukua nafasi ya gesi kwahiyo hakuna gesi ya kuchanganyika na oili, na kwakuwa zinajaa oili nyingi na mabomba manene zinavumilia joto. Ni nzuri kwa gari inayobeba kila siku. Kwa gari inayotembea tupu naziona nzito.

Nilichofunga mimi ni Bilstein 4600 zote nne. Ni monotyubu, pistoni ya milimita 46, na zimetengenezwa kwa gari yenye urefu wake wa kiwandani, ambao ndo niliurudisha nilipotoa jani. Ningekuwa nimepandisha gari ningeenda 5100 ambazo ni za gari iliyonyanyuliwa, na zile za mbele kwenye baadhi ya magari zina mifereji ya kuhamisha kishikilia springi kuongeza kimo. Naona watu wengi wananunua 5100 kwasababu tu namba ni kubwa, gari iko kimo cha kawaida, huo ni upotevu na wakati mwingine ni kosa la urefu kabisa. KYB za Mjapani nazo nilizifikiria sana, Excel-G zao ni twintyubu ya gesi inayokaribia sana ile ya kiwandani, na kama gari yako ulikuwa unaipenda ilivyokuwa ikiwa mpya, hizo zitakurudisha pale bila mbwembwe. Rancho wana RS9000XL zenye kitufe cha kuzungusha hatua tisa, zinafaa kwa mtu ambaye leo yuko tupu kesho kabeba tani, mradi awe mtu wa kushuka na kuzungusha kweli.

Mjerumani au Mjapani, feki zipo na zinafanana sana kwa nje. Mi nashika shokapu mkononi kwanza. Orijino ina uzito, fimbo yake ya kromu inang'aa bila michirizi, welding ya jicho imeenda mstari mmoja bila matone, namba imegongwa au kuchapwa kwenye mwili na inalingana na ya kwenye boksi. Ukinunua mbili za ekseli moja zipime kwa mkono zote mbili, moja ikiwa nyepesi kuliko mwenzake achana nazo. Na kwa twintyubu, isimamishe, isukume chini taratibu mpaka mwisho afu iachie: ya gesi itapanda yenyewe, ya oili tupu haitapanda, lakini zote ziwe na uzito uleule mwanzo mpaka mwisho bila kuruka sehemu.

Urefu sasa. Kwa nyuma fanya hivi. Gari ikiwa chini imesimama kwa miguu yake, pima kutoka katikati ya jicho la juu mpaka katikati ya jicho la chini. Hiyo ndo hali ya kusimama. Shokapu unayotaka kununua ina namba mbili kwenye katalogi, ikinyooka yote na ikibanwa yote. Ile ya kusimama iangukie katikati au karibu na hapo, iwe na nafasi ya kwenda juu na ya kwenda chini. Afu angalia ule mpira wa chesisi unaozuia ekseli isigonge, pima nafasi kati yake na ekseli, toa hiyo kwenye kipimo chako cha kusimama, na ukumbuke mpira nao unabonyea. Shokapu ikibanwa yote lazima iwe fupi kuliko hapo kwa angalau sentimita moja na nusu au mbili. Ikiwa ndefu zaidi maana yake shokapu itafika mwisho kabla ya mpira, na uzito wote wa gari na mzigo utashuka kwenye ile fimbo nyembamba, hapo ndo unasikia mtu kishikizo kimeng'oka kwenye chesisi. Usisahau aina ya kishikizo, kuna jicho pande zote, kuna pini yenye nati juu na jicho chini, na unene wa bolti unatofautiana hata kama urefu ni mmoja.

Mbele inategemea. Hilux kuanzia ya 2005 shokapu ya mbele imepita katikati ya koili, ni kitu kimoja. Pikapu za zamani zenye toshoni baa shokapu inakaa peke yake, unafungua nati juu na bolti chini imetoka. Ya koili ni habari nyingine: ile springi imebanwa kwa nguvu ya kuweza kuua mtu, na nati ya juu ikifunguliwa bila kibanio kizuri inaruka na kila kilicho juu yake. Nasema hivi bila kutania hata kidogo, kama huna kibanio imara na hujawahi kuona ikifanywa, mpe fundi mwenye mashine ya kubania, au nunua iliyokuja imeshaunganishwa na koili yake.

Kuzifunga kuna mambo machache yanayoamua kama hela yako itadumu. Badilisha mbili mbili kwa ekseli, sio moja. Twintyubu ambayo imelala kwenye boksi muda mrefu ina hewa iliyoingia bomba la ndani, isimamishe kama itakavyokaa kwenye gari, inyooshe yote, ibane yote, rudia mpaka ule ulegevu wa mwanzoni uishe, ndo uifunge. Na twintyubu haifungwi kichwa chini. Monotyubu inaweza. Kamba iliyobana shokapu ya gesi usiikate mpaka umeshaipanga mahali pake, maana itanyooka yenyewe na kuirudisha kwa mikono ni kazi: fimbo ya milimita 14 yenye bar 25 nyuma yake inasukuma kwa karibu kilo 40 (ndo maana gari inaweza kunyanyuka kidogo sana ukifunga monotyubu, lakini hiyo sio kubeba mzigo). Bolti za zamani zilizoshika kutu zimwagie oili ya kulegeza kutu siku moja kabla, zitakusamehe. Usishike fimbo ya kromu kwa koleo hata siku moja, mkwaruzo mmoja utakata sili na oili itaanza kutoka.

Na hii mafundi wengi wanairuka: zile bushi za macho usikaze bolti mpaka mwisho wakati gari iko kwenye jeki na tairi zinaning'inia. Ikaze kidogo, shusha gari kwenye miguu yake, itikise, afu ndo ukaze. Bushi imegandishwa kwenye chuma chake, ukiikaza ikiwa imening'inia maana yake gari ikisimama kawaida raba imeshajinyonga, na itachanika ndani ya muda mfupi. Zile za pini zenye raba juu na chini, kaza mpaka raba itanuke ilingane na washa yake, basi. Ukiendelea unaipasua. Kwenye pikapu nyingi utaona shokapu moja ya nyuma imefungwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, usidhani ni kosa ukataka kuzilinganisha, zimepangwa hivyo ili ekseli isijizungushe na kuruka ukikanyaga mafuta kwa nguvu.

Mbele ukishafungua vitu, peleka alaimenti. Mimi nilipeleka, na baada ya wiki kadhaa za kutembea nikazirudia nati zote kwa spana, moja ya chini ilikubali robo mzunguko.

Gari sasa imetulia. Tupu bado inakwambia kwamba ni pikapu, majani ni majani, ila inapiga mara moja na kukaa, hairudiirudii. Breki ikishikwa pua inashuka kidogo na kusimama hapo. Na mzigo wa saruji nyuma inaogelea kidogo kuliko nilivyotaka kwasababu nimetoa jani, nilijua itakuwa hivyo na nimekubali, napunguza mwendo.

Zile za zamani usizitupe hovyo na usimpe mtu azikate kwa gesi au kuzitupia kwenye moto akitafuta chuma. Monotyubu iliyokufa bado ina presha yake ndani, na ikipata joto inalipuka. Mpe anayejua kuzitoboa salama, na mwambie mapema kwamba zina naitrojeni.